Mwenda Jean Bosco: Gitaa, Santuri na Kiswahili cha Katanga

Utangulizi

Miongoni mwa wapiga gitaa waliotokea katika nchi ya Kongo, ni wachache waliosikilizwa mbali na kwao mapema kama Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wataalamu wa muziki wamemshughulikia tangu miaka ya 1950 na 1960. Katika masomo ya Kiswahili, kinyume chake, jina lake hutajwa kwa nadra, ijapokuwa nyimbo zake nyingi aliziimba kwa lugha hiyo na zikavuka mipaka hadi Nairobi. Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi yake, na kuonyesha jambo moja: kwamba Mwenda alikuwa mtu wa majaribio, ambaye wimbo kwake haukuwa kitu kilichokamilika, ilhali santuri iliyompa sifa ndiyo pia iliyomfunga katika sura moja. Jambo hilo lina uzito kwa kila anayekusanya na kuandika fasihi ya Kiswahili iliyoimbwa.

Asili na mazingira

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga. Mahali hapo pana historia yake. Ndipo palipokuwa makao ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi katika karne ya 19 na kuanzisha utawala wa Bayeke, uliofanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa hadi pwani zote mbili za bara. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Mwenda ni jina la ukoo huo wa watawala. Kwa hiyo mpiga gitaa huyu alibeba jina lililokuwa tayari na historia kabla yeye mwenyewe hajagusa nyuzi.

Ujana wake, hata hivyo, uliangukia katika Katanga nyingine, ile ya migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910. Likasi iliitwa Jadotville. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania kazini, makambini na mitaani. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi kuenea kwa Kiswahili huko kulivyofungamana na mahitaji ya utawala na ya kampuni. Lakini lugha iliyohimizwa kwa ajili ya kuamrishia kazi haikubaki mikononi mwa wasimamizi. Wenye kuitumia waliitungia nyimbo, vichekesho na masimulizi, na gitaa lilikuwa mojawapo ya vyombo vya kazi hiyo.

Mwaka 1952 na "Masanga"

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka nchi za kusini na katikati ya Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda mjini Jadotville. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Rekodi alizozifanya zilitolewa kwa santuri na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na mmoja wa nyimbo hizo, "Masanga", ukawa ndio unaojulikana zaidi miongoni mwa kazi zake zote.

Upigaji wake ulikuwa wa vidole, kwa gitaa la mbao lisilo na umeme. Kidole gumba kilishughulikia nyuzi nene na kidole cha shahada nyuzi nyembamba, kila kimoja kikifuata mwendo wake. Sauti za chini na za juu zilipopishana, msikilizaji aliweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Muziki wenyewe ulitegemea mzunguko mfupi unaorudiwa, lakini kila unaporudi kitu fulani hugeuzwa: pigo huchelewa, sauti moja huachwa, au njia ya juu hupandishwa. Vyanzo alivyovitumia vilikuwa vya namna nyingi: muziki wa kienyeji wa Katanga na Zambia, santuri za Kikuba kama zile za Trio Matamoros, na hata filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachotosha kuueleza mchanganyiko alioupata.

David Rycroft aliuchambua upigaji huo katika makala ya sehemu mbili iliyotoka katika jarida la African Music miaka ya 1961 na 1962. Inafaa kuangaliwa kwamba katika kichwa cha makala yake Rycroft alizungumzia ubunifu wa papo kwa papo wa Mwenda, wala hakuzungumzia nyimbo zake kama vitu vilivyokwisha kutungwa. Hapo ndipo penye kiini cha suala. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulichukua dakika tatu hivi. Kile kilichopigwa katika dakika hizo tatu kilikuwa njia moja tu kati ya nyingi zilizowezekana siku ile. Kwa wanunuzi wa santuri, njia hiyo moja ndiyo iliyokuwa wimbo.

Nairobi, Newport na baadaye

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa kwa muda mjini Nairobi, ambako alikuwa na kipindi chake cha redio. Binamu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa, alifika huko pia. Kizazi cha vijana wa Kenya kilijifunza kwa kuwasikiliza. Kiswahili cha Katanga hakikuwazuia wasikilizaji hao: tofauti za matamshi zilisikika, na nyimbo zikaeleweka.

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa katika tamasha la muziki wa jadi la Newport, nchini Marekani. Katika jukwaa la tamasha hilo hilo, mwaka 1965, Bob Dylan alizusha ugomvi mkubwa alipopiga gitaa la umeme mbele ya hadhira iliyotaka la mbao. Aidha, mnamo Agosti 1969, huko Woodstock, Jimi Hendrix aliuvunjavunja wimbo wa taifa la Marekani kwa kutumia hata ule mlio unaozuka gitaa la umeme linapokaribiana na kipaza sauti chake. Kwa kawaida Hendrix huitwa mtu wa majaribio, na Mwenda huwekwa katika fungu la muziki wa jadi. Mgawanyo huo unafuata chombo na mahali mtu atokako kuliko unavyofuata kazi yenyewe. Kama jaribio ni kuchukua kinachojulikana na kukipima upya kila mara hadi kitoe kisichotarajiwa, basi Mwenda alikuwa akilifanya tangu mwaka 1952, kwa vidole viwili na bila umeme.

Gitaa pekee halikuwa riziki yake. Kwa nyakati mbalimbali alifanya kazi benki mjini Jadotville na katika kampuni ya madini mjini Lubumbashi, akasimamia hoteli huko Sakania karibu na mpaka wa Zambia, na akawa na bendi yake iliyoitwa Super Shaba. Watafiti wa Ulaya, hata hivyo, walizidi kumtafuta Mwenda wa zamani. John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa kuanzia 1971 hadi 1997, na shajara yake iliyochapishwa mwaka 1982 inatangaza katika kichwa chake kwamba safari ilikuwa ya kuzitafuta tena mitindo ya gitaa na nyimbo za miaka ya 1950 na 1960. Nia hiyo ilikuwa njema, na bila watu kama hao mengi yangepotea. Lakini ilimdai msanii aliye hai awe ukumbusho wa ujana wake. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Lugha ya nyimbo na mkono wa mhariri

Yaliyoipata sauti ya gitaa yanaweza kuyapata maneno pia. Yatosha kutazama majina mawili ya nyimbo zake. "Kijana Muke" lina "muke" mahali pa "mke" ya Kiswahili sanifu. "Tambala Moja" lina "l" mahali pa "r" ya "tambara". Mhariri mwenye haraka atasahihisha yote mawili na kudhani amemfanyia msanii hisani. Kumbe "muke" ni matamshi ya kawaida ya Katanga. Nayo hayamshangazi msomaji wa Kavumu au Bukavu, ambaye kila siku husikia "mutoto". Zaidi ya hayo, idadi ya silabi ni mbili katika "mke" na katika "muke", lakini silabi ya kwanza ya "muke" ina irabu, na irabu hubeba sauti ya mwimbaji kwa urahisi ambao "m" peke yake haina. Anayeiondoa "u" hiyo anagusa muziki wenyewe. Ama "l" ya "tambala" ni alama ya lugha za jirani, kama Kiluba, ambazo hazina "r".

Hitimisho

Maisha ya Mwenda yanaonyesha kwamba rekodi ni shahidi wa siku moja. Ushahidi wake ni wa thamani kubwa, ila hautoshi kuhukumia kazi ya miaka arobaini. Mkusanyaji wa nyimbo za Kiswahili, awe Lubumbashi au Kivu, angefaa kuusikiliza wimbo mmoja kwa mwimbaji yule yule zaidi ya mara moja, aandike tarehe na mahali pa kila mara, ayaache maneno katika matamshi yake, na azitunze tofauti zote bila kuchagua iliyo "sahihi". Kazi hiyo ni ndefu na haina sifa nyingi. Lakini "Masanga" imetufikia kwa sababu mtu mmoja aliyebeba mashine alisimama Jadotville akasikiliza. Na waimbaji wengi wa Kiswahili cha Kongo waliokuwa wakibadilisha nyimbo zao kila jioni hawakupata hata siku hiyo moja.