Volti ya Mtumba: Kabla Hujanunua Mita, Uliza Ukoo Wake

Leo naomba mnivumilie, maana sina habari za bweni wala za foleni ya kantini. Nina historia. Historia ya kitu ambacho kila nyumba yenye betri inacho na hakuna aliyewahi kukiona kwa macho: volti moja.

Sababu yenyewe ni hii. Sisi wanne wa mwaka wa mwisho, uhandisi umeme, tunachanga hela (nyingine ya bumu, nyingine ya vibarua vya likizo) tununue maltimita moja ya mezani ya mtumba. Si zile za mkononi zilizojaa Kariakoo. Tunataka ya maabara, yenye tarakimu sita na nusu, ili tukimaliza chuo tufungue kakarakana ka kukagua mita za mafundi sola. Na msidhani ni mambo ya kujidai. Betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika husoma kama 12.7. Ikibaki nusu husoma kama 12.2. Yaani kati ya kujaa na nusu kuna nusu volti tu! Mita ya fundi ikidanganya kwa asilimia moja, imeshakula 0.12, karibu robo ya nafasi yote ile. Mama aliyeuza mbuzi wawili kununua betri anaambiwa "hii imekufa, nunua nyingine", kumbe aliyekufa ni mita.

Sasa ubishi umeanza. Tuna mita mbili mbele yetu. Ya kwanza inang'aa, ina stika ya kuonyesha imekalibretiwa, na bei yake ni nafuu. Karatasi hakuna. Ya pili ni kuukuu zaidi, imekwaruzika, bei iko juu, lakini inakuja na vyeti vyake vya miaka kadhaa mfululizo. Wenzangu wawili wanataka inayong'aa, na wananitupia methali: mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini mita si jembe. Jembe likichimba umeliona limechimba. Mita ikisema 10.00000, utajuaje kama ni kweli? Hapo ndipo historia inapoingia. Twende taratibu.

Zamani volti ilikaa ndani ya chupa. Mwaka 1893 Edward Weston, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alitengeneza selo ya zebaki na kadimiamu kwenye kioo chenye umbo la herufi H. Selo hiyo hutoa karibu volti 1.018 na hukaa hapohapo miaka na miaka ukiitunza vizuri. Mwaka 1911 ikakubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa, na Weston mwenyewe akaachia haki zake za hataza ili yeyote aweze kuitengeneza. Muungwana, au siyo?

Lakini ilikuwa na deko kama bibi harusi. Hairuhusiwi kutikiswa wala kulazwa, wala kuvutwa umeme wa maana. Joto likipanda nyuzi moja tu, selo iliyojazwa chumvi yake barabara inapotea kwa karibu sehemu 40 katika milioni. Kwa hiyo maabara za taifa ziliziweka ndani ya mafuta yenye joto lisilobadilika, nyingi kwa pamoja, zikachukua wastani. Na kwa vile hakuna selo inayoweza kujishuhudia yenyewe, ilibidi zibebwe kwa uangalifu mkubwa hadi Sèvres, karibu na Paris, kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyozaliwa na mkataba wa 1875, zikalinganishwe na za wenzao. Mnaona? Tangu mwanzo volti ilikuwa ushahidi wa kupokezana. Huyu kaambiwa na yule, yule kaambiwa na yule mwingine.

Halafu akatokea mwanafunzi. Mwanafunzi kama mimi na wewe! Mwaka 1962 Brian Josephson, kijana wa miaka 22 pale Cambridge, alipiga hesabu akaonyesha kwamba ukitenganisha metali mbili zisizo na ukinzani kabisa (zile zilizopoozwa karibu na sifuri halisi) kwa utando mwembamba usiopitisha umeme, umeme utapenya hivyohivyo. John Bardeen, ambaye tayari alikuwa na Nobel, alimpinga hadharani. Majaribio ya mwaka uliofuata yakampa kijana haki, na mwaka 1973 naye akapata Nobel yake.

Faida kwetu ni nini? Ukiumulika utando ule kwa mikrowevu, volti inayotoka inategemea masafa ya mikrowevu na namba mbili za maumbile tu. Haijali joto la chumba, haijali nani aliitengeneza. Kwa masafa ya gigahezi 75 unapata kama sehemu 155 katika milioni za volti, yaani maikrovolti 155, kwa kila hatua. Ndiyo maana ili kufika volti 10 waliunganisha vipande karibu 20,000 kwenye chipu moja. Volti ikatoka kwenye chupa ikahamia kwenye kuhesabu.

Sasa sikilizeni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Tarehe 1 Januari 1990 dunia ilikubaliana kutumia namba moja: gigahezi 483,597.9 kwa kila volti. Kabla ya hapo nchi mbalimbali zilikuwa na namba zao zilizotofautiana kidogo. Usiku huo volti ya Marekani iliongezeka kwa sehemu 9.264 katika milioni. Yaani mita iliyolala tarehe 31 Desemba ikiwa sahihi kabisa iliamka imekosea. Hakuna aliyeigusa, wala hakuna kipande kilichoharibika ndani. Na ikatokea tena, kidogo sana, tarehe 20 Mei 2019, namba zile mbili za maumbile zilipofungwa moja kwa moja: safari hii kwa sehemu kama 0.1 tu katika milioni.

Mtasema, Mswahili wa Dar sehemu tisa katika milioni zinamhusu nini? Kwa mita ya tarakimu sita na nusu, kweli hazikuamui. HP 34401A ya miaka ya tisini, kwa mfano, iliahidiwa kukosea si zaidi ya sehemu 35 katika milioni ya inachosoma, na nyongeza kidogo, ndani ya mwaka mmoja kwenye kiwango cha volti 10. Ila kwa HP 3458A ya mwaka 1989, yenye tarakimu nane na nusu na ahadi ya sehemu 8 kwa mwaka, zilikuwa nyingi kuliko ahadi yenyewe. Somo ninalolitaka ni hili: usahihi hauishi ndani ya kifaa. Unaishi kwenye uhusiano kati ya kifaa na kingine kilicho juu yake. Mita bin kipimo cha maabara bin kipimo cha taifa bin Josephson. Ukikata kiungo kimoja, umebaki na boksi linaloonyesha tarakimu nzuri.

Na hapa wengi wanachanganya, tena hata wauzaji. Kukalibreti (watu wa viwango wanaita ugezi) si kukaza skrubu mpaka mita iseme unachotaka. Ni kuilinganisha na kilicho bora na kuandika ilivyokutwa. Kurekebisha ni kazi nyingine kabisa, na mara nyingi ni afadhali usirekebishe. Kwa nini? Kwa sababu mita iliyokutwa mwaka huu imepanda sehemu 4, mwaka kesho 6, mwaka wa tatu 7, hiyo umeshaijua tabia. Unaweza hata kutabiri mwakani itakuwa wapi. Kijidude cha ndani kinachoshikilia volti, siku hizi ni dayodi ya zena badala ya chupa ya Weston, kwa kawaida hutulia zaidi kadiri kinavyozeeka. Kwa hiyo uzee kwenye mita si ugonjwa, ilimradi uzee huo uwe umeandikwa. Ile stika inayong'aa inaniambia siku moja tu ya maisha yake. Vyeti vinanisimulia maisha.

Ukitaka kuona jinsi ukoo unavyoheshimiwa katika fani hii, tazama Fluke 732B. Ni kasha la kubebea volti, linatoa volti 10, na pembeni lina tundu jingine la volti 1.018. Mnakumbuka namba hiyo? Ni ya babu Weston! Kasha lina betri ndani ili lisafirishwe likiwa na moto wake, na taa iliyoandikwa IN CAL. Umeme ukikatika mpaka lipoe, taa inazimika, hata ukirudisha umeme. Kifaa chenyewe kinakiri kwamba mnyororo umekatika. Natamani na watu tungekuwa na taa hiyo.

Basi mkienda kununua, mambo machache niliyojifunza kwenye kusoma kwangu. Moja, ulizia namba za "ilivyokutwa", siyo neno "imepasi". Mbili, fahamu kumbukumbu za kalibresheni zinakaa wapi. Kwenye 3458A za zamani zinakaa kwenye chipu yenye betri yake ndogo ndani, iliyokusudiwa kudumu kama miaka kumi. Betri ikifa, ukoo wote unafutika kwa sekunde moja. Tatu, 34401A ina kihesabu ndani kinachoongezeka kila kumbukumbu hizo zinapoguswa. Kisomeni, mlinganishe na karatasi. Nne, msibabaishwe na jina la usoni: HP ilitenga kitengo chake cha vipimo mwaka 1999 kikaitwa Agilent, na mwaka 2014 kikawa Keysight, kwa hiyo 3458A ni ileile kwa majina matatu.

Na mnyororo wetu sisi utaishia wapi? Jirani kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, liko pale Ubungo, na lina maabara ya ugezi. Desturi ya kazi hii ni kwamba kinachopima kiwe bora angalau mara nne kuliko kinachopimwa. Mita yetu ikipimwa na walio juu yetu, sisi tunaweza kupima za mafundi walio chini yetu, na fundi ataipima betri ya yule mama. Hapo ndipo volti ya Cambridge inapofika kijijini, mkono kwa mkono, bila kupotea njiani.

Kesho jioni tunapiga kura. Kura yangu ni kwa iliyokwaruzika, na ile hela ya ziada nitakuwa nimenunua karatasi, wala sioni haya kusema hivyo. Wenzangu wakinishinda, sawa, lakini sharti langu ni moja: kabla haijagusa mita ya fundi yeyote, inayong'aa nayo iende Ubungo ikaanzishiwe cheti cha kwanza. Hata ukoo mrefu ulianza na mtu mmoja aliyeandika jina lake.

Haya, nawahi kipindi cha saa nane. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na vyeti!