Msemaji wa Mshtakiwa katika Njia ya Unyanyembe

Neno wakili lilifika Tabora mbele ya mahakama ya serikali. Katika miaka ya 1860 na 1870 tajiri wa Unguja aliyetaka pembe za ndovu hakulazimika kukaa bara mwenyewe. Aliweka mtu Unyanyembe wa kumpokelea mali, kuwalipa wapagazi na kutunza hesabu, na mtu huyo aliitwa wakili wake. Kazi yake ilikuwa kuisemea mali ya mtu asiyekuwapo. Wakili wa kumsemea mtu aliyeshikwa alichelewa kufika, na alipofika alizuiwa katika mabaraza yale yale ambamo watu wengi wa Unyamwezi walihukumiwa. Husemwa mara kwa mara kwamba kizuizi hicho kilifuata mila: kwamba mtu wa bara alizoea kujisemea mwenyewe mbele ya mkubwa wake, na kwamba wakili ni mgeni avurugaye mambo. Historia ya njia hii haikubaliani na maneno hayo.

Tuanze na safari yenyewe. Waarabu walianza kujenga Kazeh, penye Tabora ya sasa, karibu na mwaka 1852, na Burton na Speke walipofika hapo mwezi wa Novemba 1857 walikuta kituo kikuu cha misafara iendayo Ujiji na irudiyo pwani. Burton alijaza kurasa nyingi kwa manung'uniko juu ya wapagazi waliomtoroka. Yafaa tuyasome manung'uniko hayo kama hati ya mashtaka iliyoandikwa na mlalamikaji peke yake, maana upande wa pili haukuachiwa kalamu. Katika msafara makosa hayakuwa ya namna nyingi, na karibu yote yalizaliwa na mzigo: kutoroka, kuiba katika robota, kupigana kambini, kuvamia mashamba ya watu kwa njaa. Kutoroka na mzigo kulikuwa wizi. Kuutua mzigo chini na kwenda zako kulikuwa kuvunja mapatano tu. Tofauti hiyo yahitaji mtu wa kuieleza mbele ya bwana mwenye hasira, na mtu huyo alikuwapo. Wapagazi walikaa kambi kambi, kila kambi na nyampara wake, naye ndiye aliyekwenda hemani kwa mwenye safari kudai posho, kuomba siku ya kupumzika, na kumwombea mtu wake kabla ya fimbo au mnyororo. Hakushinda daima. Lakini mpagazi hakusimama peke yake.

Jina la nyampara ni la huko huko: wanyampala walikuwa wazee na wasaidizi wa mtemi katika nchi za Unyamwezi. Nyumbani, shauri la mtu lilikuwa pia shauri la ukoo wake na la majirani zake. Ray Abrahams, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyamwezi wa kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyaeleza mabaraza ya majirani yaliyoweza kumtoza mkosaji faini, au kumtenga hata asipate moto wala maji kwa jirani. Katika baraza la namna hiyo jamaa na rafiki walikuwa na nafasi ya kunena. Sipendi kuipamba hali hiyo kuliko ilivyostahili. Mtumwa hakuwa na ukoo wa kumsemea. Mwanamke mzee aliyetajwa kuwa mchawi, kuku akapasuliwa na mganga akaona dalili, mara nyingi aliachwa na wale wale waliopaswa kumkingia kifua. Hata hivyo, pale msemaji alipokosekana, kukosekana kwake kulikuwa msiba, wala hakukuwa kanuni.

Kanuni ililetwa na Wadachi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwezi wa Januari 1893, asikamatwe hai, hukumu za Tabora ziliingia mikononi mwa maofisa. Wadachi walilichukua neno letu shauri wakalitia katika lugha yao kuwa jina la kikao cha ofisa cha kusikiliza na kuhukumu watu weusi. Amri ya Waziri Mkuu wao ya tarehe 22 Aprili 1896 iliweka mipaka: viboko visizidi 25 kwa mara moja, wanawake wasipigwe, wala Waarabu na Wahindi. Wazee waliitwa kukaa na kutoa maoni. Ofisa alikuwa mpelelezi, mshtaki na hakimu kwa pamoja, na hapakuwa na mahali pa mtetezi. Nadhani hakuna neno la Kiswahili lililopatwa na msukosuko kuliko hilo: shauri, ambalo maana yake ni kupeana akili, likawa jina la mahali ambapo mmoja anasema na mwingine anavuliwa nguo apigwe.

Wabelgiji waliiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, kisha Waingereza wakaipokea. Makosa ya njia hayakutoweka, yalibadili mavazi. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 iliendelea kuhesabu kumtoroka mwajiri kuwa jinai, na kijana wa Unyamwezi aliyekwenda manamba katika mashamba ya mkonge aliweza kufungwa kwa jambo ambalo babu yake alikatwa ujira tu. Kushindwa kulipa kodi kulileta kesi nyingi. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilimshika anayejidai mchawi na anayemtaja mwenzake pia. Kesi nyingi za watu wa vijijini zilisikilizwa na mabaraza ya watemi, na hapo ndipo lilipotendeka jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1929 iliyaondoa mabaraza hayo chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu, ikayaweka chini ya maofisa wa utawala, na mawakili wakakatazwa kufika mbele yake. Mwaka 1933 tume iliyoongozwa na Bushe ilichunguza utoaji wa haki ya jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ikapendekeza mahakimu wenye elimu ya sheria wapewe kazi kubwa zaidi. Magavana walipinga, wakisema kwamba ufundi wa sheria ungemchanganya mwananchi. Sheria mpya ya mwaka 1951 ilibadili jina la mabaraza, na kizuizi kikabaki.

Ilivyokuwa faida ya wakili ilionekana wazi mwaka 1958. Mwezi wa Januari TANU ilikutana Tabora, na Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huo, akawashawishi wajumbe washiriki uchaguzi wa kura tatu. Kabla mwaka haujafika katikati alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika Sauti ya TANU. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam, na D. N. Pritt, yule aliyemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria, alisafiri kutoka Uingereza kuja kumtetea.  Nyerere alitiwa hatiani, akalipa faini ya shilingi 3,000 badala ya kifungo cha miezi 6. Mwaka huo huo mkulima wa Sikonge aliyeshtakiwa mbele ya baraza la mtemi hakuruhusiwa wakili hata kama angeuza ng'ombe zake zote amlipe.

Mtu angetazamia uhuru ulivunje zuio hilo. Waziri wa Sheria wa mwanzo baada ya Desemba 1961 alikuwa Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe mwenyewe. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilifuta mabaraza ya zamani, ikaunda mahakama za mwanzo zilizounganishwa na Mahakama Kuu. Hiyo ilikuwa hatua njema sana. Lakini wakili hakuruhusiwa kuingia humo. Na mwaka ule ule Sheria ya Adhabu za Chini ilimfunga hakimu mikono: mwizi wa ng'ombe, kwa mfano, alipata miaka 2 na viboko 24, nusu akiingia gerezani na nusu akitoka. Adhabu ilipandishwa, na ulimi wa kuipinga haukuongezwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa uchache wa mawakili, tena walikaa mijini. Ni sababu ya kweli, bali ni sababu ya kukosa wakili. Si sababu ya kumkataza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, Sungusungu walizuka katika nchi za Wanyamwezi na Wasukuma, upande wa Kahama na jirani zake. Walikuwa na mishale, na adhabu zao, faini na kutengwa, zilifanana na zile za mabaraza ya majirani. Mwaka 1989 sheria iliwapa uwezo wa kukamata. Wengi waliwashukuru, maana ng'ombe walirudi. Lakini anayeogopwa na kijiji kizima atamteua nani amsemee? Hapo mila ilirudi na ukali wake wote, ikamwacha msemaji nyuma.

Sheria ya mwaka 1969 ilimpa jaji uwezo wa kuagiza maskini apewe wakili kwa gharama ya serikali, na kwa desturi anayeshtakiwa kwa kuua hupewa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 310, ilisema kwamba mshtakiwa ana haki ya kutetewa na wakili mbele ya mahakama yoyote ya jinai, isipokuwa mahakama ya mwanzo. Na humo katika mahakama ya mwanzo, kifungu cha 33 cha sheria ya mahakimu chamruhusu jamaa, au mtu wa nyumba moja, kumsemea mwenzake katika madai. Basi ukidaiwa mbuzi, ndugu yako aweza kusimama akasema. Ukishtakiwa kwamba umemwiba mbuzi huyo huyo, ndugu atakaa kimya nawe utakwenda gerezani. Nyampara wa karne ya 19 angeshangaa.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, wakili akaruhusiwa kufika katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikwisha kuchukua mahali pa ile ya 1969, ikawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wao hukaa karibu na wananchi kuliko mawakili. Msaidizi huyo aweza kumweleza mshtakiwa sheria, kumwonyesha namna ya kuomba dhamana na kukata rufani, na kumpeleka kwa wakili. Kusimama mbele ya hakimu na kumsemea hawezi.