Kukabidhi Manowari, Kukabidhi Matunzo: Funzo la USS Texas

Tarehe 15 Juni 1944, mapigano ya Normandy yalikuwa yamesonga bara kiasi kwamba mizinga ya inchi 14 ya manowari ya Marekani, USS Texas, haikuweza tena kuyafikia. Mabaharia wakafungulia maji kwa makusudi, wakajaza vyumba vya ubavu wa kulia. Meli ikainama, midomo ya mizinga ikainuka, makombora yakafika yalikotakiwa. Mwaka 2012 meli hiyohiyo, wakati huo ikiwa makumbusho huko San Jacinto, jimboni Texas, iliingiwa tena na maji. Safari hii kutu ndiyo iliyoyafungulia njia. Makala haya yanadai kwamba kosa si la bahari peke yake. Ni la sheria iliyokabidhi chombo bila kukabidhi uwezo wa kukitunza.

Manowari ya Marekani ikishafutwa katika rejista ya jeshi, Waziri wa Jeshi la Majini anaweza kuitoa kwa jimbo, manispaa au asasi isiyotafuta faida. Leo mamlaka hayo yamo katika kifungu cha 8676, Juzuu ya 10 ya sheria za nchi hiyo. Masharti makuu ni mawili: mpokeaji aitunze meli katika hali inayomridhisha Waziri, na serikali ya shirikisho isigharimike. La kwanza linalinda chombo, la pili linalinda hazina. Mzigo wote unabaki mabegani mwa mpokeaji.

Texas ilikuwa manowari kubwa ya kwanza nchini humo kufanywa makumbusho ya kudumu. Bunge la jimbo liliunda kamisheni ya kuipokea mwaka 1947, zikachangishwa dola 225,000 za kuivuta kutoka Baltimore, na tarehe 21 Aprili 1948, siku ya kumbukumbu ya vita vya San Jacinto vya 1836, ikakabidhiwa. Hafla ilipangwa, matunzo hayakupangwa. Meli ya chuma huhitaji kupandishwa chelezoni mara kwa mara, ikwanguliwe kutu, ibadilishwe mabamba yaliyolika, ipakwe rangi. Hii ilikaa miaka 40 bila chelezo, hadi 1988. Sitaha yake ya mbao ilipooza, mwaka 1968 ilimwagiwa zege. Zege likapasuka, maji ya mvua yakachuruzika hadi vyumba vya chini, chuma kikawa kinaliwa kutoka ndani na nje.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Texas ulijengwa mwaka 2019. Kwa sheria mpya jimbo lilibaki mmiliki, uendeshaji ukapewa asasi ya Battleship Texas Foundation kwa miaka 99, na dola milioni 35 zikatengwa kwa matengenezo. Agosti 2022 meli ikavutwa hadi chelezoni Galveston. Hiyo ndiyo sheria ya makabidhiano hasa, kwa kuwa ilitaja kazi, mtendaji na fedha kwa pamoja. Ilichelewa miaka 71.

Yupo atakayeuliza kwa nini shule na zahanati zishindanie fedha na chuma chakavu. Swali hilo ni la haki, na mahali pake ni bungeni, kabla ya makabidhiano. Bunge lisiloweza kugharamia meli nzima lihifadhi sehemu yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliishia Rufiji mwaka 1915, lakini mzinga wake mmoja umesimama Fort Jesus, Mombasa, bila kuhitaji pampu wala chelezo.

Hata hivyo, meli nzima husimulia kisichoweza kusimuliwa na mzinga mmoja. Tarehe 25 Juni 1944, karibu na Cherbourg, kombora lilimuua mshika usukani Christen Christensen, mtu pekee aliyeuawa vitani ndani ya Texas. Mgeni wa makumbusho hayo aliweza kupanda ngazi zilezile alizopanda Christensen kwenda zamu. Anayeona hilo lina thamani, kama ninavyoona mimi, adai sheria itaje mfuko wa matunzo, ratiba ya chelezo, na hatima ya chombo mpokeaji akishindwa. Bila hayo, sahihi ya makabidhiano inaipa meli muda tu wa kuzama polepole, mbele ya watoto waliopelekwa kuiona.