Bagamoyo, Mji wa Wageni na Ngoma

Vitabu vingi vya historia huifunga Bagamoyo mwaka 1891. Ndipo Wajerumani walipohamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam, penye bandari ya kina kirefu, na mji uliokuwa kituo cha mwisho cha misafara ya bara ukaanza kunywea. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, nayo ikianzia Dar es Salaam, wapagazi hawakuwa tena na sababu ya kuteremka Bagamoyo. Yote hayo ni kweli, lakini ni historia ya pembe za ndovu na ya ofisi za serikali. Ipo nyingine, ya watu waliofika mjini hapa wakiwa wageni na namna walivyojitafutia nafasi miongoni mwa wenyeji. Hiyo haijakatika mpaka leo, na kila ninapoifuatilia nakuta imepita mahali pamoja: pale watu wanapokusanyika kuimba, kupiga na kucheza.

Tuanze na wapagazi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 walifika maelfu kwa maelfu kila msimu, wengi wao Wanyamwezi, baada ya safari ya miezi kama mitatu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora. Msafara haukuingia mjini kimyakimya. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia na manyoya yake kichwani na joho jekundu, ngoma na baragumu zikalia, bunduki zikafyatuliwa. Kisha watu hao walikaa wiki au miezi wakisubiri mizigo ya kurudi nayo bara: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Jioni katika kambi zao zilikuwa za ngoma.

Waungwana wa mji waliwahitaji watu hawa kwa biashara na papo hapo wakawadharau, wakiwaita washenzi. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi karamu na ngoma za ushindani zilivyokuwa uwanja wa kugombea heshima katika miji ya Mrima, yaani pwani hii, Bagamoyo na Pangani zikiwamo. Mtu wa bara, au mtumwa, aliyeweza kuingia katika ngoma ya mji, kuvaa kama watu wa mji na kuchangia karamu, alikuwa anadai jambo zito: kwamba yeye pia ni wa hapa. Wapo waliokubaliwa na wapo waliokataliwa, na ugomvi huo ulikuwa mkali. Tusiwaone watu wale kama kundi la kujifurahisha tu baada ya kazi ngumu.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa Bagamoyo angali mtoto, akiwa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu mwenye cheo. Aliisaka elimu ya dini mpaka akaipata, akapata na mali, akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya. Chini yake Bagamoyo, mji ambao kwa hesabu za serikali ulikuwa umekwisha, ukawa kitovu kimojawapo kikubwa cha tarika hiyo Tanganyika. Maulidi yake yalivuta watu kutoka mbali, na zikri iliwaweka safu moja mtoto wa muungwana na mjukuu wa mtumwa. Najua wapo wasiopenda zikri itajwe karibu na ngoma, na wana haki yao: ile ni ibada. Naitaja kwa sababu ya kile ilichokitenda. Mtu aliyefika akiwa mali ya mtu mwingine alifariki mwaka 1931 akiwa mwenyeji ambaye mji mzima ulimwendea. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alimrithi, na baadaye akaiunga mkono TANU katika harakati za uhuru.

Baada ya uhuru wageni wengine, wasanii, waliletwa na serikali. Desemba 1962, katika hotuba yake ya Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba vijana waliosoma walifunzwa kucheza densi za Kizungu huku ngoma za kwao hawazijui, akatangaza wizara ya utamaduni. Vikafuata vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vijana wa sarakasi walipelekwa China kujifunza. Baadaye vikundi hivyo vilivunjwa, na wasanii wake wakawa walimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo watu huiita TaSUBa tu.

Bagamoyo ina vyuo vingine: cha uvuvi Mbegani, cha uongozi wa elimu, cha ukutubi. Lakini cha sanaa ndicho kinachosikika. Mwanafunzi wa uvuvi anaweza kuhitimu bila mji kujua. Anayejifunza sindimba ya Wamakonde au bugobogobo ya Wasukuma anasikika mpaka kwa majirani, na watoto wa majirani wanazijua hatua kabla hawajaanza shule. Mji uliokuwa ukipokea ngoma za bara kwa mabega ya wapagazi sasa unazipokea kwa mtaala, na zinachanganyikana na mdundiko wa Wazaramo uliokuwapo tangu zamani.

Miongoni mwa wasanii wa vikundi vya taifa waliofika hapa alikuwamo Hukwe Zawose, Mgogo kutoka mkoa wa Dodoma, fundi wa zeze na ilimba na mwenye sauti iliyopanda kutoka kifuani hadi juu kabisa bila kukatika. Alikuwa mwanamuziki wa kikundi cha taifa, kisha mwalimu wa chuo. Albamu yake Chibite ilitoka mwaka 1996 kwa lebo ya Real World ya Uingereza, na majukwaa makubwa ya Ulaya yakamjua, lakini nyumba yake ilikuwa Bagamoyo. Alilea hapa ukoo mzima wa wanamuziki wanaoimba Kigogo kando ya Bahari ya Hindi. Alifariki mwishoni mwa mwaka 2003.

Tamasha la chuo lilianza mwaka 1982 na limekuwa la kila mwaka. Vikundi huja kutoka mikoani na nje ya nchi, mama lishe wanapata wateja, bodaboda hawalali. Mwaka 2002 moto uliteketeza ukumbi mkuu wenye paa la makuti, jengo lililokuwa fahari ya chuo, na ukumbi mpya ukajengwa kwa msaada wa wafadhili wa nje. Wafadhili hao wastahili shukrani. Hata hivyo, tamasha linalosubiri fedha ya mbali lina roho juujuu, na waliolibeba miaka ya ukata ni wasanii waliopiga kwa malipo haba au bila malipo, na wakazi waliojaa ukumbini. Hao ndio ningependa wakae mezani pale ratiba inapopangwa. Na ningependa Wakwere na Wadoe, wenyeji wa wilaya hii, wapewe usiku wao kwenye jukwaa kubwa, saa ambayo ukumbi umejaa, wala si alasiri ya ufunguzi wakati viongozi wanakaribishwa.

Katika ukoo wa Zawose desturi ilikuwa wanaume kushika zeze na ilimba, na wanawake kuitikia. Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, waliitikia hivyo kwa miaka mingi. Kisha wakashika vyombo wenyewe, wakasimama mbele kwa jina la Zawose Queens, na mwaka 2024 wakatoa albamu yao, Maisha. Wanaimba Kigogo cha Hukwe, kwa mdundo wa muheme, ngoma ya wanawake wa Ugogo, na wametokea Bagamoyo.