Nakshi, Kinyago na Sanamu

Lugha yetu ina maneno matatu kwa kazi ya mchongaji, na kila moja limebeba hukumu yake. Nakshi ni sifa. Nyumba yenye nakshi ni nyumba ya watu. Kinyago tumekiachia watu wa bara, cha ngoma na cha jando, kitu cha kutishia watoto. Sanamu ndilo zito kuliko yote, maana lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa bado na vumbi la masanamu yaliyovunjwa Makka. Hadi leo mtu anayeulizwa swali akanyamaza huambiwa amesimama kama sanamu. Kwa hiyo mgeni akiuliza Waunguja wa kale walichonga nini, wengi humjibu haraka kwamba dini ilikataza, basi, hawakuchonga kitu.

Jibu hilo halinitoshi. Hebu msomaji aende Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa. Msikiti wenyewe kwa nje hauna makuu: kuta nyeupe na paa la bati, na sehemu kubwa ya jengo lililopo ilijengwa upya katika karne ya 18. Lakini kibla chake ni cha mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na tarehe hiyo imechongwa papo hapo kwa hati ya Kikufi. Herufi zake zinapanda juu kama miche, ncha zikajikunja na kusukana hata jicho lisilojua kusoma likadhani ni majani. Wataalamu wameona undugu kati ya hati hii na mawe yaliyochongwa Siraf, bandari ya zamani ya Ghuba ya Uajemi. Huenda ni kweli, kwani pepo za kaskazi zilileta mengi. Jiwe lenyewe, hata hivyo, ni la bahari yetu. Ni tumbawe, ambalo hukatwa lingali bichi majini, likachongwa upesi wakati bado laini, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Mchongaji wa tumbawe hana nafasi ya kusitasita. Aliyefanya kazi ile alijua kina cha kila mkato kabla hajaanza, na kivuli kinachokaa ndani ya herufi zake ni cha makusudi. Huyo kwangu ni mchongaji kamili, ingawa hakuchonga pua wala mkono.

Ufundi huo baadaye ulihamia kwenye mbao. Milango ya Mji Mkongwe imepigwa picha nyingi mno hata tumeacha kuitazama. Ile ya mtindo wa zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi chenye aya au tarehe. Ile iliyokuja kuenea mwishoni mwa karne ya 19, zama za Sayyid Barghash na baada yake, ina upinde juu na maua mengi, kazi iliyotiwa mkono wa mafundi wa Kihindi. Miti ni msaji ulioletwa na majahazi kutoka India, au mfenesi wa hapa hapa. Katikati unapita mfaa, na mbao mbili huitwa dume na jike. Misumari mikubwa ya shaba ilikotoka, India, husemwa ilikuwa ya kuzuia tembo wasisukume mlango. Unguja hatuna tembo, tukabaki na mng'aro tu. Nakshi nazo zina mazoea yake: yungiyungi, samaki, mtende, maua ya duara, na pembezoni mwa miimo, mara nyingi, mnyororo uliochongwa pete kwa pete.

Mnyororo huu una maneno. Watembeza wageni hupenda kusema kwamba ni alama ya mwenye nyumba aliyefanya biashara ya watumwa. Wengine husema ni kinga tu, kuufunga mlango dhidi ya shari na husuda. Mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu nakshi ya mnyororo imetapakaa mno kuwa tangazo la kazi ya mtu mmoja. Lakini hoja hiyo haiwasafishi wenye milango. Mali iliyonunua msaji ule ilitoka kwenye karafuu, pembe na watu, na karafuu zenyewe zilichumwa na watumwa, na pembe zililetwa pwani juu ya mabega. Shangani iko nyumba ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki mjini hapa mwaka 1905, na mlango wake ni miongoni mwa mizuri. Hauhitaji mnyororo kutuambia chochote.

Wale waliopita katika biashara hiyo hawakuachiwa jiwe wala ubao. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba aliotia saini Barghash chini ya shinikizo la Waingereza, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana, ambalo Askofu Edward Steere alilisimamia mwenyewe. Kanisa ni kumbukumbu, sawa, lakini zaidi ni kumbukumbu ya wale waliokomesha. Utumwa wenyewe uliendelea kisiwani kisheria hadi 1897. Ilipita miaka zaidi ya mia ndipo, mwaka 1998, uani mwa kanisa hilo zikasimamishwa sanamu tano zilizochongwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Watu watano wamesimama ndani ya shimo la mraba, shingo zao zimeunganishwa kwa mnyororo. Huu si wa nakshi. Ni wa chuma, wa kweli.

Nimesikia malalamiko kwamba mkono wa mgeni ndio uliotuchongea msiba wetu, na kwamba hizo ni sanamu, jambo lisilo la kwetu. La kwanza nalipima kwa kazi yenyewe, la pili nalikubali na kulisifu. Nakshi inaweza kubeba jina la Mungu, tarehe, neema na jaha. Haiwezi kubeba uso wa mtu aliyeuzwa. Kwa hilo ilihitajika sanamu.

Tazama namna lilivyowekwa shimo. Sanamu za ukumbusho tulizozizoea huinuliwa. Wajerumani waliposimamisha ile ya Hermann von Wissmann Dar es Salaam mwaka 1909, walimweka juu ya nguzo, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua shingo. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa hatimaye Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Umbo lile lilikuwa na maana moja tu: nani juu, nani chini. Mkunazini mpango huo umegeuzwa ukatushika sisi. Mtazamaji ndiye anayesimama juu, ukingoni, akiinamisha macho kukagua vifua na mabega, na mahali pale aliwahi kusimama mnunuzi. Hakuna upande wa kutazamia ulio salama.

Nikiitafutia kazi hii ndugu, naikuta Ufaransa. Auguste Rodin alichonga watu sita wa mji wa Calais waliojitoa kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1347 ili mji wao usiangamizwe, nao pia wana kamba shingoni. Rodin alitaka wawekwe chini, usawa wa wapita njia, lakini ilipozinduliwa mwaka 1895 walipandishwa juu ya jukwaa. Ufanani ni mkubwa, tofauti ni kubwa zaidi. Wale wa Calais walijitolea, na kiongozi wao, Eustache de Saint-Pierre, anajulikana kwa jina. Kila mmoja ana mwendo wake na huzuni yake. Watano wa Mkunazini hawakujitolea, hawana majina, na nyuso zao zimechongwa kwa ukali bila mapambo, zinakaribiana. Kwa muda mrefu niliona huo ni udhaifu wa mchongaji. Sasa naona angewapa sura za kupendeza angewazulia maisha ambayo daftari za soko hazikuwaachia.

Kuna kasoro moja ambayo bado inanisumbua, nayo si ya msanii. Kutoka Mkunazini hadi Shangani ni mwendo mfupi kwa miguu, na watembeza wageni huviona vyote asubuhi moja: kwanza shimo, ambako watu hunyamaza, halafu milango, ambako hutabasamu na kupigana picha. Mafundi waliochonga milango ile nao hawakuandika majina yao. Tarehe utaikuta juu ya kizingiti, na pengine jina la mwenye nyumba. Aliyeshika patasi hayumo, na kama alikuwa mwungwana au mtumwa, miimo haisemi.