Kenya: Mikahawa na baa mpya za Nairobi, sheria zake na mambo ya kufahamu kabla ya kuketi

Nairobi haikosi mlango mpya wa kula na kunywa, wala haikosi mwingine unaofungwa kimyakimya kabla rangi ya ukuta haijazoeleka. Kwa wakazi wa Uganda wanaovuka Busia au Malaba kwa ajili ya biashara, masomo au kuwajulia hali jamaa, safari ambayo tangu 2014 huweza kufanywa kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, jioni moja katika mkahawa ambao hawajawahi kuuona ni sehemu ya ziara yenyewe. Hata hivyo, mji huo una kanuni za vileo, kelele na moshi zisizolingana na za Kampala, na kuna maneno katika orodha za vinywaji ambayo humhadaa hata mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili.

Biashara hii ina umri sawa na mji. Hoteli ya Stanley ilianza 1902, na Norfolk ikafungua milango yake siku ya Krismasi ya 1904, wakati Nairobi ilikuwa bado kambi ya reli yenye matope. Kampuni ya Kenya Breweries ilipoanza kupika bia huko Ruaraka mwaka 1922, makasha kumi ya kwanza yalipelekwa Stanley. Kumbi hizo hazikuwa za kila mtu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mtumishi, na pombe aliyoruhusiwa kuinywa ilikuwa ile iliyouzwa na manispaa katika ukumbi wa bia wa Pumwani, ambao faida yake ilirudi kwa manispaa hiyohiyo. Mtu akitaka kuelewa kwa nini hadi leo Nairobi ina mahali pa kunywa pa wenye nacho na mahali pa kunywa pa wengine, vilivyotenganishwa kwa barabara moja tu, na aanzie hapo.

Mwaka 1980 ulifunguliwa Carnivore, kando ya barabara ya Lang'ata, mkahawa wa nyama iliyochomwa kwenye mishikaki mirefu na kukatwa mezani mbele ya mlaji. Kwa miaka mingi wageni walikwenda huko kula nyama ya porini. Uuzaji wake ukakatazwa, na leo kilichobaki cha ajabu katika sahani ni mamba na mbuni wa kufugwa. Lakini urithi mkubwa zaidi wa mahali hapo huenda ni kinywaji kimoja, dawa: vodka, ndimu iliyopondwa, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa katika asali cha kukorogea. Mbinu yake inafanana sana na kinywaji cha Kibrazili cha ndimu na pombe ya miwa. Jina ndilo la Kiswahili, na limeenea katika baa za Afrika Mashariki nzima.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kuwa mwangalifu. Katika mikahawa ya kahawa ya Nairobi, neno hilohilo dawa lina maana nyingine kabisa: maji ya moto yenye tangawizi, limau na asali, yanayotolewa kwa mwenye mafua au baridi ya Julai. Yote mawili huandikwa vivyo hivyo katika orodha. Asiyekunywa kileo na aulize kabla ya kuagiza kama dawa inayouzwa hapo ni ya moto au ya barafu, na kama ni ya barafu, ndani yake mna nini. Mhudumu hatashangaa kuulizwa.

Milango mipya hufunguka zaidi upande wa magharibi wa mji. Westlands ndio moyo wake, hasa tangu barabara ya juu inayotoka uwanja wa ndege ilipofunguliwa 2022 na kuishia huko. Katika barabara ya Mpaka pana Nairobi Street Kitchen, jengo moja lenye majiko mengi ambapo kundi la marafiki huweza kuagiza kila mmoja chakula cha nchi yake na kula pamoja. Gigiri, penye ofisi za Umoja wa Mataifa, ndiko kuna baa za kokteli zinazochukulia kazi hiyo kama upishi. Hero, iliyo ndani ya hoteli ya Trademark katika jumba la Village Market, ni mojawapo. Baa za namna hii zimeanza kutumia mazao ya nyumbani badala ya kuagiza kila kitu ng'ambo: ukwaju, pasheni, asali, na jini ya Procera inayokolezwa kwa tunda la mreteni wa Kiafrika, mti wa nyanda za juu za Kenya ambao kwa wengi ulikuwa mti wa nguzo za ua tu. Kilimani na Lavington zimejaa mikahawa ndani ya nyumba za zamani zenye bustani. Roysambu na barabara ya Thika ni za vijana, bei zake ni nafuu, na muziki wake ni mkubwa.

Kumbi nyingi za upande huo hujiita lounge. Neno hilo halina uzito wowote wa kisheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayojulikana zaidi kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, hutenganisha baa, hoteli, mkahawa na klabu ya usiku. Baa ya kawaida inaruhusiwa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki na sikukuu. Klabu ya usiku inaruhusiwa kuanzia saa moja jioni hadi saa tisa usiku. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa, na baa haipaswi kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Baada ya katiba ya 2010, utoaji wa leseni ulikabidhiwa serikali za kaunti, na Nairobi ikatunga sheria yake ya vileo mwaka 2014.

Kwa hiyo ukumbi unaweza kuomba leseni ya mkahawa, ukapanga viti vya ngozi, ukaweka mcheza santuri pembeni, na kufikia saa sita usiku ukawa klabu katika kila jambo isipokuwa karatasi. Polisi wakifika, mteja naye hujikuta katika msukosuko asioutarajia. Dalili ni rahisi kuiona: leseni hutakiwa kubandikwa mahali panapoonekana, mara nyingi karibu na kaunta, na aina yake imeandikwa juu yake.

Mgogoro mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kati ya kumbi hizo na majirani zao. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira NEMA, zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku katika maeneo ya makazi, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili. Desibeli 35 ni mnong'ono. Hakuna bustani yenye muziki inayoweza kukaa chini ya kiwango hicho, na kila mmiliki anayefungua ukumbi wa wazi Kilimani anafahamu hilo siku anapotia saini mkataba wa kupanga. Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za klabu za usiku zilizo ndani ya mitaa ya makazi na kusimamishwa kwa utoaji wa mpya. Wakazi ambao watoto wao walikuwa wakienda shule bila usingizi walishangilia. Wenye kumbi na wafanyakazi wao, wapishi, walinzi, wapiga muziki, waliona mishahara yao ikining'inia. Pande zote mbili zina hoja, ila mwenye nyumba aliyehamia mtaani kabla ya spika ana hoja iliyo nzito zaidi.

Wafanyakazi hao walikuwa wametoka tu katika tabu nyingine. Marufuku ya kutembea usiku wakati wa korona ilidumu Kenya tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021. Uganda baa zilibaki zimefungwa hadi Januari 2022, na wengi watakumbuka kwamba katika miezi hiyo mitatu ya mwisho waliokuwa na nauli walivuka mpaka kwenda kustarehe upande wa pili.

Kuhusu shisha, msafiri kutoka Uganda tayari anajua kwamba nyumbani imekatazwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015. Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachilia watu 48 waliokuwa wamekamatwa kwa kuuza na kuvuta shisha, ikisema kanuni hiyo haikupitishwa bungeni kama ilivyotakiwa. Shirika la NACADA, linalopambana na ulevi na mihadarati, lilishikilia kwamba marufuku ingali pale pale. Matokeo yake ni kwamba bomba huweza kuwekwa mezani waziwazi, na msako ukaja usiku huohuo. Mgeni asiye na wakili mjini hana sababu ya kujaribu bahati yake.

Jambo lisilosameheka ni kilicho ndani ya chupa. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walifariki katika kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza hatua kali dhidi ya viwanda na baa. Waganda hawahitaji kuelezwa maana yake: mwaka 2010 waragi iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu Kabale. Vifo vya namna hii hutokea zaidi penye pombe ya bei ya kutupa, lakini chupa yenye jina kubwa nayo huweza kujazwa upya nyuma ya kaunta. Kila chupa halali nchini Kenya hubeba stempu ya mamlaka ya mapato, KRA, na mamlaka hiyo ina programu ya simu iitwayo Soma Label ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kuikagua. Katika ukumbi mpya ni haki ya mteja kuomba chupa ifunguliwe mbele yake.

Hatari ya pili ina jina la jikoni. Nairobi humwita aliyetiliwa dawa za usingizi katika kinywaji kuwa amewekewa mchele, na wanaofanya kazi hiyo hupewa jina la pishori, mchele ule wa Mwea. Waathiriwa huamka wakiwa wamepoteza simu, pesa na kumbukumbu ya usiku mzima, wengine hawaamki. Wengi wao ni wanaume waliokuwa peke yao na wakaacha glasi mezani kwenda msalani. Glasi iliyoachwa humwagwa na kuagizwa nyingine.

Kwa wasiotumia kileo, na wasikilizaji wengi wa Kiswahili wamo katika kundi hilo, Nairobi ni pana kuliko sifa yake. Eastleigh hulisha usiku kucha bila tone la pombe: wali wa Kisomali pamoja na ndizi mbivu, nyama ya ngamia, anjera na chai ya maziwa yenye iliki. Kibra ina Wanubi wenye undugu na wale wa Bombo, na mkate wao wa gurusa hauhitaji kutambulishwa kwa mtu aliyelelewa Uganda. Katikati ya mji, Ranalo, maarufu kwa jina la K'Osewe, hupika samaki wa ziwa lile lile linalooga miguu ya Entebbe. Katika mikahawa ya kisasa, neno halali likiwa limeandikwa ukutani tu halitoshi. Cheti hutolewa na taasisi kama Kenya Bureau of Halal Certification, na mkahawa ulio nacho hukionyesha. Inafaa pia kuuliza kama mchuzi umetiwa mvinyo, maana wapishi wengi wa kileo hawaoni sababu ya kulitaja hilo.

Bili ya Nairobi ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, pungufu kidogo ya asilimia 18 ya Uganda, na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kwa kawaida vyote vimo ndani ya bei iliyoandikwa. Kumbi nyingine huongeza ada ya huduma, na maandishi yake huwa madogo chini ya ukurasa wa mwisho. Malipo mengi hufanywa kwa namba ya M-Pesa iliyobandikwa mezani. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lilingane na la ukumbi, kwa sababu wapo wahudumu wanaobandika namba zao. Asiye na laini ya Kenya abebe shilingi taslimu.

Mlangoni patakuwa na upekuzi. Tangu mashambulizi ya jumba la Westgate mwaka 2013 na ya barabara ya Riverside mwaka 2019, mifuko hufunguliwa na miili hupimwa kwa kifaa, kama ilivyokuwa Kampala baada ya Julai 2010. Kitambulisho huombwa hata kwa mwenye mvi. Teksi za kuitwa kwa programu hupatikana hadi alfajiri katika mitaa yote iliyotajwa hapa, ila mabasi ya kurudi Kampala huondoka kwa saa yake, na mengi yake huondoka jioni, wakati kumbi hizo ndiyo kwanza zinawasha taa.