Dhamiri na Mzigo: Uamuzi wa Kwihara, 1873

Tunapofundisha juu ya dhamiri tumezoea kuanzia Worms, mwaka 1521, Martin Luther aliposimama mbele ya Kaisari. Katika makala hii tunakusudia kuanzia Kwihara, karibu na Tabora, kwenye njia kuu ya misafara.

David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kuelekea pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza. Yeye aliwashauri wamzike hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi, tena ulitoka kwa mtu mwenye cheo. Wakakataa.

Ni nini kilichowasukuma? Huenda mtu akasema ni tamaa ya ujira, au hofu ya kushutumiwa kuwa walimtupa bwana wao. Hatuyakani hayo, maana moyo wa mwanadamu huchanganya nia. Lakini hakuna aliyekuwa amewaahidi malipo kwa kuubeba mwili. Na kama wangemzika Kwihara, ofisa huyo angekuwa shahidi wao. Kilichobaki ni wajibu waliouona wenyewe. Hapa twaona kazi mbili za dhamiri: huamua lililo jema, kisha humwinua mtu alitende.

Hata hivyo dhamiri haikuwaondolea ugumu. Huko Kasekera, wenyeji walipokataa maiti isipitishwe, waliuficha mwili mfano wa robota la nguo, wakatuma mzigo wa uongo kurudi Unyanyembe. Waliwadanganya watu waliokuwa wakilinda desturi zao. Hatuna budi kulikiri jambo hili: dhamiri iliyo imara si lazima iwe safi katika kila hatua.

Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo. Alipozikwa Westminster, tarehe 18 Aprili, Susi na Chuma hawakuwepo.

Susi alibatizwa mwaka 1886, miaka mingi baada ya uamuzi ule. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 2, anawataja wasio na torati ambao dhamiri yao huwashuhudia. Basi sisi tunaohubiri tusiseme kana kwamba dhamiri ililetwa kwetu na wamisionari. Injili iliikuta ikifanya kazi.